Maswali na Majibu: Zamu ya hoteli Orlando, je, ni mali ya kurithisha?

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu, mkazi wa Barani hapa Malindi. Kaka yangu anafanya kazi Orlando, Marekani, na hivi karibuni alialikwa kuwasikiliza wauzaji wa hoteli zilizo katika bustani za burudani za Disney. Ametushauri sisi ndugu wanne tuchange tununue pointi 150 katika hoteli ya Riviera, ili kila mwaka familia moja ipate kwenda kupumzika huko na baadaye watoto wetu warithi. Anasema kampuni inaongeza hoteli kila uchao, kwa hiyo thamani itapanda kama vile viwanja vya hapa kwetu vilivyopanda. Mama yetu hataki. Je, tutakuwa tumenunua nini hasa?

JIBU: Wa alaykum salaam, Mwalimu. Mama yenu ana haki ya kusita. Mtakachonunua si chumba wala kiwanja, bali ni haki ya kukaa hotelini kwa zamu, inayopimwa kwa pointi mnazopata kila mwaka na kuzitumia kulipia siku za kulala, biashara ambayo wauzaji huiita taimushea, na haki hiyo ina mwisho ulioandikwa tangu siku ya kwanza. Hati mtapewa, tena itasajiliwa kisheria huko Florida, lakini inasimama juu ya ardhi ya kukodishwa, na muda wa Riviera unakwisha Januari 2070. Baada ya hapo jengo linabaki kwa kampuni na watoto wenu hawana chao. Hoteli ya kwanza ya mpango huu wa Disney, uitwao Disney Vacation Club, ni Old Key West; hiyo ilifunguliwa mwaka 1991, na sehemu kubwa ya mikataba yake inakwisha Januari 2042, ila kwa wale waliolipia nyongeza hadi 2057.

Juu ya bei ya kununulia ipo ada ya mwaka, ambayo hulipwa mwende msiende. Tuseme ada ni dola 8 kwa pointi: pointi 150 zitawadai dola 1,200 kila mwaka, hata ule mwaka ambao ubalozi umewanyima viza, na kiwango hicho hupanda kadiri gharama za matunzo, mishahara na kodi zinavyopanda. Asiyelipa hunyang'anywa. Mtakaporithisha haki, mtarithisha na deni lake la kila Januari, na sidhani kaka yenu aliambiwa hivyo alipokuwa akikirimiwa vinywaji. Wanunuzi wengi pia hukopeshwa na kampuni yenyewe kwa riba, jambo ambalo kwa familia inayojiepusha na riba linatosha kufunga mazungumzo.

Sasa nije kwenye hoja ya upanuzi, kwa kuwa hapo ndipo kaka yenu alipoteleza. Ni kweli kwamba Disney haiachi kujenga. Pembeni ya hoteli ya Contemporary ya mwaka 1971 ilisimamishwa Bay Lake Tower mwaka 2009. Pembeni ya Polynesian, nayo ya 1971, mnara mpya ulifunguliwa Desemba 2024. Na katika Grand Floridian, mwaka 2022, jengo zima lililokuwa la vyumba vya kawaida liligeuzwa kuwa la wanachama, yaani wenye pointi. Sababu yake ni nyepesi kuelewa. Hoteli ya kawaida hurudisha gharama za ujenzi polepole, usiku kwa usiku, ilhali pointi huuzwa kwa fedha za mkupuo, kisha ada za wanachama zikabeba matunzo, na juu ya hayo kampuni ikawa imejihakikishia wageni watakaorudi kununua tiketi na chakula kwa makumi ya miaka. Faida hiyo ni ya mjenzi. Mwenye pointi za zamani hapati senti kutokana na mnara mpya. Anachopata ni mshindani zaidi siku atakapotaka kuuza, kwa maana mnunuzi atakuwa na kipya cha kuchagua, pamoja na punguzo linalotolewa na kampuni yenyewe.

Kiwanja cha Malindi hupanda bei kwa sababu pwani haiongezeki. Pointi huongezeka kila mnara unapoongezeka, na zenu zitakuwa zinapungukiwa na mwaka mmoja wa uhai kila Januari.

Lipo la Riviera peke yake, na ningependa kaka yenu alisome kwa macho yake katika mkataba. Tangu tarehe 19 Januari 2019 kampuni iliweka masharti juu ya pointi zinazouzwa na wanachama wenyewe. Atakayenunua pointi zenu za Riviera hataweza kuzitumia katika hoteli nyingine yoyote ya mpango huo isipokuwa Riviera, ingawa nyinyi mliozinunua kwa kampuni mnaweza kuhama huku na huku. Maana yake ni kwamba mtanunua kitu kipana na kuuza kitu chembamba. Aidha, mkishapata mnunuzi, kampuni ina haki ya kuingia kati na kuchukua pointi hizo kwa bei ileile mliyokubaliana naye, kwa hiyo hamwezi kumwahidi mtu kabla haijajibu.

Kuhusu kupokezana zamu, tazameni kalenda ya shule. Mwenye pointi za Riviera huruhusiwa kuweka nafasi hapo miezi 11 kabla, na katika hoteli nyingine miezi 7 kabla. Watoto wenu hufunga shule kwa muda mrefu Novemba na Desemba, na juma la Krismasi hadi Mwaka Mpya ndilo linalokula pointi nyingi kuliko yote. Mtalazimika kuweka nafasi kabla hamjajua kama viza zitatoka. Pointi zisizotumika zinaweza kusogezwa hadi mwaka unaofuata, lakini kwa tarehe maalumu, ikipita, zinapotea.

Ikiwa kaka yenu amekwisha kutia sahihi, asipoteze siku. Sheria ya Florida humpa mnunuzi siku 10 za kuvunja mkataba wa namna hii bila kutoa sababu, kwa notisi ya maandishi, na fedha zake hurudishwa. Apeleke notisi hiyo kwa njia inayoacha ushahidi wa tarehe.

SWALI: Hapa Watamu niliitwa chakula cha mchana na mtu anayeuza juma moja la kila mwaka katika hoteli ya ufukweni. Alitaka nilipe siku ileile. Nimwamini?

JIBU: Bwana, usilipe siku ileile. Kwanza fanya upekuzi wa hati katika ofisi ya ardhi ujue mwenye shamba ni nani na kama limewekwa rehani. Ikiwa mwenyewe ni mgeni, Katiba ya 2010 haimruhusu kushikilia ardhi ila kwa kukodisha kwa muda usiozidi miaka 99, basi uliza imebaki miaka mingapi. Sheria ya Kenya ya kumlinda mtumiaji ya mwaka 2012 inaitambua mikataba ya zamu na kumpa mnunuzi nafasi ya kujitoa ndani ya siku 10 tangu apokee nakala ya maandishi. Muuzaji asiyetaka kukupa nakala uende nayo kwa wakili amekwisha kujieleza. Mwendo wa barabara ya Casuarina hapa Malindi utakuonyesha kwamba hoteli hufungwa, na juma lako haliwezi kukaa katika hoteli iliyofungwa.

SWALI: Je, mtu asiye mwanachama anaweza kulala Jambo House, ile hoteli ya Disney yenye twiga?

JIBU: Anaweza. Vyumba hukodishwa kama vya hoteli yoyote, na wapo wanachama wanaokodisha pointi zao kwa bei iliyo chini ya ile ya kampuni. Ukipitia kwa mwanachama, nafasi hubaki chini ya akaunti yake na yeye ndiye mwenye uwezo wa kuifuta, kwa hiyo andikianeni mkataba na usilipe fedha zote mkononi mwa mtu usiyemjua. Twiga wenyewe wapo pia Tsavo Mashariki, na barabara ya lango la Sala inaanzia hapahapa Malindi. Kama safari ni kwa ajili yao, viza haihitajiki.