Korasi na dilei: piga kofi kwanza, nobu baadaye

Nilipopata kinanda changu cha kwanza chenye efekti, yaani vitu vya kubadilisha sauti, nilijifungia nacho chumbani Mabatini, hapa Mwanza, wiki nzima, hedifoni masikioni. Nikatengeneza sauti ya piano niliyoiona tamu kuliko zote: korasi nzito, ile efekti inayonenepesha sauti, na dilei, ile inayoirudisha sauti kama mwangwi, ikijirudia mara sita au saba. Jumamosi ya mazoezi nikaipeleka kanisani. Ukumbi wetu una bati juu, vigae chini, na kuta hazina hata pazia. Ubeti wa kwanza haujaisha, mwalimu wa kwaya akanyoosha mkono, akanifuata, akainama sikioni. "Kaka, hicho kinanda kinapiga nyimbo mbili. Sauti ya kwanza hawajui washike noti ipi."

Alisema kweli, na kosa lilikuwa langu. Hedifoni hazina bati wala vigae. Ukumbi ulikuwa na mwangwi wake tayari, nami nikaupandishia mwingine juu.

Tangu siku hiyo napiga kofi kabla ya kuchomeka waya wowote. Nasimama pale kinanda kitakapokaa, napiga kofi moja kavu, nasikiliza mkia wake. Mkia ukiwa mrefu, dilei naiwekea solo tu, au naiacha kabisa. Kofi likifa papo hapo, kama kwenye sherehe za uwanjani kando ya ziwa, ndipo najiachia kidogo. Ukumbi mtupu unalia kuliko uliojaa, maana watu na nguo zao hunywa sauti. Ukipima saa nane mchana, saa mbili usiku utahitaji kupima tena kwa sikio.

Sisi wa Mwanza hatuhitaji kitabu kuielewa dilei, kwa sababu tunaishi katikati ya mawe. Sauti husafiri mita 340 na kidogo kwa sekunde. Simama mita 17 kutoka kwenye jiwe kubwa, piga kofi: sauti inaenda na kurudi, jumla mita 34, na inakufikia baada ya milisekunde 100 hivi. Ukiweka dilei ya milisekunde 500 ni kama umelisogeza lile jiwe hadi mita 85. Mimi huwa naliona jiwe kabisa ninapozungusha nobu ya muda, yaani kile kidude cha kuzungusha kinachopanga sauti irudi baada ya muda gani, na imenisaidia kuliko maelezo yote niliyowahi kusoma.

Lakini jiwe halijui mapigo ya wimbo, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Dilei isiyofuata mapigo inapigana na mpiga ngoma, na msikilizaji anahisi bendi imeyumba bila kujua kwa nini. Hesabu ni moja: gawanya 60,000 kwa idadi ya mapigo kwa dakika. Wimbo wa mapigo 120 unakupa milisekunde 500 kwa pigo zima, 250 kwa nusu pigo, na 375 kwa robo tatu ya pigo. Hiyo 375 ijaribu kwenye gitaa la solo: noti zinazorudi zinaingia katikati ya zile unazopiga, na kidole kimoja kinasikika kama viwili. Wimbo wa taratibu wa kwaya, mapigo 75, pigo zima ni 800 na nusu yake 400. Kama kifaa chako kina kitufe cha kugongea mapigo, gonga pamoja na mpiga ngoma, mara nne zinatosha.

Kisha kuna fidibaki, yaani sauti irudi mara ngapi. Kwenye kuimbisha kwaya naweka marudio mawili tu, na la pili liwe hafifu. Ukiipandisha hadi mwisho, marudio hayaishi, yanarundikana mpaka spika zipige kelele.

Korasi sasa, na sisemei kiitikio cha wimbo. Hebu fikiria watu thelathini wakiimba noti moja. Hakuna wawili wanaoanza sawasawa au kushika noti kwa usahihi uleule, na tofauti hizo ndogo ndizo zinazofanya sauti iwe nene. Korasi inaigiza hilo: inachukua nakala ya sauti yako, inaichelewesha kwa milisekunde ishirini au thelathini hivi, halafu inauchezesha muda huo mbele na nyuma, na noti inapanda na kushuka kidogo sana. Kasi ya kuchezesha mimi naanzia Hezi 0.5, yaani mzunguko mmoja kila sekunde mbili. Kina, yaani ukubwa wa huko kuchezesha, naanza na sifuri, napandisha polepole hadi niisikie, kisha narudisha kidogo nyuma. Ukizidisha kasi na kina pamoja, utapata sauti ya kanda ya kaseti iliyovutika, na mwimbaji atatoka kwenye noti bila hatia yoyote. Roland Juno-60, kinanda cha mwaka 1982, hakina nobu za korasi. Kina vitufe vya kuchagua I au II, au kuizima, na bado watu wanaitafuta sauti yake hadi leo.

Besi usiiwekee korasi. Kwenye vinanda vingi kila sauti ina kiwango chake cha korasi, kati ya 0 na 127. Ya besi iwe 0, ya nyuzi za nyuma, zile sauti za vayolini za kusindikiza, 40 hivi, kisha sikio liamue.

Jambo jingine ni mixa, mashine inayochanganya sauti zote kabla ya kwenda kwenye spika. Mara nyingi fundi mitambo anakupa njia moja tu, na spika zote zinatoa sauti ileile. Kuna korasi za kushoto na kulia ambazo pande mbili zikichanganywa zinafutana, na ule unene uliousikia nyumbani unapotea. Chomeka njia moja ungali mazoezini, usikie watakachosikia wageni.

Na hifadhi kazi yako kwenye kumbukumbu ya kinanda mara tu unaporidhika. Niliwahi kukatikiwa umeme kwenye harusi Nyegezi, bibi harusi akiwa mlangoni. Jenereta ilipowaka, kinanda kilirudi na sauti za kiwandani, na korasi na dilei zote nilizopanga mchana kutwa hazikuwepo. Nilimwingiza kwa piano kavu.