Katika 1, 2, 4, 8, 16, 31 hakuna kosa la uchapaji

Ndugu uliyeuliza namba mbili zinazofuata baada ya 1, 2, 4, 8, 16, 31, jibu langu ni 57 na 99. Waliotangulia wamekueleza kwamba 31 imekosewa na ilipaswa kuwa 32. Siwashangai, kwa sababu nilipokuwa nafundisha hisabati Mafinga nilimkosesha mwanafunzi wa kidato cha pili kwa jibu hilohilo la 31.

Hakubishana nami. Kesho yake asubuhi, katika baridi ile ya Juni ambayo ukungu hufunika misindano yote, alichora duara kwa chaki kwenye sakafu ya darasa, akapanga maharage sita juu ya mzingo wake, kisha akaunganisha kila harage na mengine yote kwa mistari iliyonyooka. Tulihesabu vipande ambavyo mistari imeligawa duara tukapata 30, nikadhani sote wawili tumekosea. Alitazama kwa muda, akagundua kwamba maharage yameachana kwa nafasi sawasawa, na kwa hiyo mistari mitatu inakutana katikati kwenye nukta moja. Alisogeza harage moja kwa upana wa kidole, akafuta mistari yake na kuichora upya, na pale katikati pakatokea pembetatu ndogo isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Hicho ndicho kipande cha 31; kwa harage moja hadi matano vipande ni 1, 2, 4, 8 na 16, namba zilezile za swali. Nilimrudishia alama zake mbele ya wenzake.

Ukitaka kuendelea bila kuchora, toa kila namba katika inayoifuata: utapata 1, 2, 4, 8, 15. Toa tena: 1, 2, 4, 7. Mara ya tatu unapata 1, 2, 3, na ukiendeleza kwa 4 na 5 kisha ukapanda kwa kujumlisha, utafika 57 na 99.

Hata hivyo, mimi naamini zaidi sababu iliyomo kwenye duara lenyewe. Unaanza na kipande 1. Kila mstari unaongeza kimoja, na kila mahali mistari miwili inapokatana panaongeza kingine. Mstari mmoja unahitaji maharage mawili, makutano yanahitaji manne. Kwa maharage saba kuna mistari 21 na makutano 35, jumla 57; kwa manane ni 1 + 28 + 70. Kama swali lako ni la usaili, andika maelezo hayo kando ya jibu, maana msahihishaji anaweza kuwa anasubiri 32 kama nilivyokuwa mimi.