Usisukutue usiku huu, tafadhali

Weka hiyo glasi chini kwanza. Umeandika kwamba umeng'olewa gego leo saa nne asubuhi, ufizi unawaka moto, na usiku huu unataka kusukutua kwa maji moto ya chumvi "mpaka kidonda kisafike". Umeuliza pia habari ya mswaki na lini utakula githeri. Hayo baadaye. Chumvi leo usiiguse kabisa!

Mimi niling'olewa gego la chini siku ya Ijumaa. Daktari alinipa pamba niiume, akaniambia nisisukutue mpaka kesho yake. Mdomo ulikuwa umekufa ganzi, nikaitikia tu kwa kichwa. Niliposhuka matatu Githurai nikapitia duka la dawa kununua vidonge vya maumivu. Mhudumu akaniangalia shavu, akasema: sukutua kila saa, kwa nguvu, hiyo damu nyeusi ikibaki humo itaoza. Alivaa koti jeupe, nikamwamini kuliko aliyening'oa.

Mara ya nne kusukutua, kitu laini cheusi, kama kipande kidogo cha ini, kikadondoka kwenye sinki. Nikafurahi, nikidhani uchafu umetoka. Kumbe nimetema kifuniko cha kidonda. Lile bonge la damu ndilo linalofunika mfupa na mishipa ya fahamu, na nyama mpya huota kuanzia hapo. Likitoka mapema, mfupa unabaki wazi.

Jumamosi nilikuwa na nafuu. Jumapili usiku ndipo nilipojua. Maumivu yalitoka kwenye shimo yakapanda sikioni, yakashuka shingoni, na vidonge nilivyomeza havikufua dafu. Nilimulika kwa tochi ya simu mbele ya kioo nikaona shimo tupu, na ndani yake kitu cheupe. Ni mfupa wangu huo. Mdomo ulinuka hata mimi mwenyewe nikasikia. Jumatatu asubuhi, kila tuta ambalo matatu iliruka lilinipiga kwenye taya, nikalia mbele ya abiria.

Daktari aliosha shimo taratibu, akalijaza dawa yenye mafuta ya karafuu, na kabla sijainuka kitini maumivu yakaanza kushuka. Nilirudi mara mbili kubadilishiwa. (Usiende kujimiminia mafuta ya karafuu nyumbani, yanaunguza ufizi. Na aspirini usiibandike hapo, nayo inaunguza.) Yule mhudumu bado ananikera mpaka leo. Hakuuliza nimeng'olewa lini, na hilo swali moja tu lingeniokoa.

Kwa hiyo saa 24 za kwanza shimo ni la kuachwa. Usisukutue, usiteme kwa nguvu, usinyonye soda kwa mrija, usilichokoe kwa ulimi. Kama unavuta sigara, iache hata siku kadhaa zaidi. Mate yenye wekundu leo ni kawaida, yameze. Damu ikichuruzika, kunja pamba safi, iloweshe kidogo, iume dakika 30 bila kuchungulia. Ufizi ukiwaka, funga barafu kwenye taulo uiweke juu ya shavu, kwa nje, dakika kumi hivi, upumzike, urudie.

Kesho saa nne ikishapita, hapo sasa chumvi ni rafiki yako: nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji vuguvugu, yasiwe moto. Jaza mdomo, inamisha kichwa huku na huku, kisha fungua mdomo juu ya sinki yatoke yenyewe. Fanya hivyo kila ukimaliza kula, taratibu.

Maumivu yakianza kupanda siku ya pili au ya tatu badala ya kushuka, rudi kwa aliyekung'oa, tena mapema, wala usipitie duka la dawa njiani. Ukishamwaga hayo maji niandikie hapa, niko macho.