Shahidi mtaalamu wa ulevi: muulize anachokijua

Mwendesha mashtaka, katika kesi ya ubakaji ambapo mlalamishi alikuwa amelewa, usimuulize mtaalamu kama mlalamishi aliweza kuridhia. Hilo ni la mahakama kuamua. Nchini Kenya, kifungu cha 43 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kinagusa mtu ambaye pombe au dawa imemvuruga fahamu au uamuzi. Mtaalamu aeleze kiasi cha pombe na kinavyoathiri mwili na akili, basi.

Tuseme damu ilitolewa saa tatu asubuhi ikawa na miligramu 60 za pombe kwa mililita 100, na tendo lilitokea saa nane usiku. Saa saba zimepita. Watu wengi hupunguza miligramu 10 hadi 20 kwa saa, kwa hiyo usiku ule alikuwa kati ya 130 na 200. Mtaalamu ataje ncha zote mbili. Akishikilia namba moja tu, wakili wa utetezi atambana hapo hapo. Tena hesabu hii inasimama tu ikiwa mlalamishi alikuwa ameacha kunywa na pombe imeshaingia yote kwenye damu, kwa hiyo tafuta kwanza shahidi wa saa ya glasi ya mwisho.

Panapoumiza zaidi ni kumbukumbu. Mtu aliyelewa sana anaweza kutembea, kuongea, hata kulipa bodaboda, na kesho asikumbuke chochote, kwa sababu ubongo haukuwa ukihifadhi. Hiyo ni tofauti na kuzimia. Mtaalamu akubali wazi kwamba kusahau peke yake hakuthibitishi kukosa uwezo. Kukosa uwezo kuthibitishwe na waliomwona na vielelezo: askari wa getini aliyemshuhudia akibebwa, kamera ya lango, matapishi kwenye nguo.

Kuhusu sampuli, ngozi isipanguswe kwa spiriti kabla ya sindano, na damu iwekwe kwenye chupa yenye floraidi, kemikali ya kuhifadhi, ili isichachuke. Mkojo uchukuliwe hata siku kadhaa zikiwa zimepita, ila dawa kama GHB, dawa ya kulewesha inayoweza kutiwa kwenye kinywaji, hutoweka kwenye mkojo ndani ya takriban saa 12. Jibu la "hakuna kilichopatikana" kwa aliyefika kituoni siku ya pili halimaanishi hakutiliwa kitu. Mtaalamu alieleze hilo katika ushahidi wake wa kwanza, kabla upande wa utetezi haujasimama na ripoti ya mkemia mkononi.