Kwa nini dodoso linasema wagonjwa wameridhika huku foleni haiishi

Ndugu, unashangaa dodoso la hospitali yenu kuonyesha karibu wagonjwa wote wameridhika huku foleni ikifika getini. Tazama nani anauliza, na wapi. Mgonjwa akiulizwa na muuguzi mwenye sare, dawa hajapewa bado, atajibu "huduma nzuri" tu. Nani agombane na mwenye kushika dawa zake? Mngojeni atoke dirisha la dawa, aulizwe na mtu asiye wa wodi.

"Umeridhika?" liacheni. Ulizeni: "Dawa hii unakunywaje? Ukiona dalili gani urudi haraka?" Akibabaika, hapo ndipo huduma ilipokatika.

Muda nao msiukisie. Andikeni saa kwenye kadi yake mapokezi, kwa daktari, maabara na dawa. Huenda mkakuta anayelaumiwa ni daktari, kumbe saa zimeishia kungoja majibu ya maabara.