Maswali na majibu: Namba moja ya kurushiwa shilingi

Safu iliyopita niligusia, kwa sentensi moja tu, kwamba mwaka 2025, kwenye kikapu cha vyuo vya Marekani, namba moja ya mashindano ya wanawake ya konferensi ya SEC ilipatikana kwa kurusha shilingi. (Konferensi ni kundi la vyuo lenye ligi yake; msimu wa kawaida ukiisha, timu hupewa namba kwa msimamo, kisha huingia mashindano ya mtoano.) Sentensi hiyo imeniletea maswali mengi kuliko safu yote iliyobaki. Nimechagua sita.

Shilingi kweli, au ulikuwa unatutania?

Kweli kabisa. South Carolina na Texas zilimaliza msimu wa kawaida zikiwa sawa: ushindi 15, kupoteza 1. Na hapo ndipo raha ilipo, kwa sababu kila moja ilipoteza kwa mwenzake tu. Januari, South Carolina ikiwa kwao, ilishinda 67-50. Februari, kule Austin, Texas ikalipa kisasi 66-62. Timu nyingine zote 14 za konferensi zilifungwa na hawa wawili.

Sasa fuata kanuni. Hatua ya kwanza ni kuangalia walipokutana wenyewe: kila mmoja kashinda mara moja, hakuna aliye mbele. Hatua inayofuata ni kulinganisha rekodi zao dhidi ya timu nyingine, ukianzia juu ya msimamo na kushuka moja baada ya nyingine. Wote wamemfunga kila mtu, kwa hiyo unaweza kushuka hadi mkiani na usipate tofauti yoyote. Kanuni zikaisha. Jumapili ya tarehe 2 Machi shilingi ikarushwa, ikaangukia kwa South Carolina.

Wengi mmeniandikia kwamba ni aibu kwa ligi tajiri namna ile. Mimi sioni aibu. Shilingi inakubali wazi kwamba hawa wawili hawatenganishiki. Afadhali hiyo kuliko kubuni hatua ya tisa ya kanuni ili ionekane kuna sayansi.

Namba moja ina faida gani, wakati wote wataingia uwanjani tu?

Faida kubwa ni mapumziko. Chukua konferensi yenye timu 16. Kwenye mpangilio uliozoeleka, timu nne za juu zinaruka raundi mbili bila kucheza na kuanzia robo fainali. Zikishinda mara tatu, kombe ni lao. Wa tano hadi wa nane wanahitaji ushindi mara nne. Wa tisa kushuka chini, mara tano. Na mechi hizi zinachezwa siku mfululizo, si kama ligi ya mpira ambapo unapewa wiki nzima ya kupooza miguu.

Ukitazama hesabu hiyo vizuri utaona jambo ambalo watangazaji hulipita haraka. Kati ya namba moja na namba mbili tofauti ni ndogo: wote wanaanzia robo fainali, na hawawezi kukutana kabla ya fainali. Kinachobadilika ni wapinzani walio njiani. Lakini kati ya namba nne na namba tano kuna mechi nzima ya ziada. Ningekuwa kocha, vita yangu ya kanuni ningeipigania hapo. (Ndiyo, siku tano zinawezekana. Chuo cha Connecticut, yaani UConn, walifanya hivyo mwaka 2011 kwenye konferensi ya Big East wakiwa namba tisa, nyota wao Kemba Walker akiwabeba, kisha wakachukua na ubingwa wa taifa. Ndiyo maana bado tunaisimulia.)

Kwa hiyo bingwa wa ligi ni nani, South Carolina au Texas?

Wote wawili. Ubingwa wa msimu wa kawaida waligawana, na kila chuo kinauhesabu kama wake. Shilingi iliamua nafasi kwenye ratiba ya mashindano tu.

Zikilingana timu tatu itakuwaje? A kamfunga B, B kamfunga C, C kamfunga A.

Swali zuri, na hapa ndipo watu huanza kugombana. Timu tatu zikilingana, unazitoa pembeni na kuzitengenezea msimamo wao mdogo: mechi walizocheza wenyewe kwa wenyewe, basi.

Mfano ninaoupenda ni Big East ya wanaume mwaka 2020. Creighton, Villanova na Seton Hall zilimaliza zote na 13-5, yaani ushindi 13, kupoteza 5. Konferensi ile wakati huo ilikuwa na timu kumi, kila moja ikicheza na mwenzake nyumbani na ugenini, kwa hiyo hesabu yake ni safi. Creighton ilimfunga Seton Hall mara mbili na kugawana na Villanova: 3-1. Villanova iligawana na wote wawili: 2-2. Seton Hall ikabaki na 1-3. Namba moja, mbili na tatu zikapangwa hivyo hivyo.

Ugomvi huanzia hapa: ukishampata wa kwanza, je, waliobaki unaendelea nao kwenye msimamo ule ule mdogo, au unaanza upya kama timu mbili zilizolingana? Konferensi hazifanani katika hili, na jibu linaweza kumpindua mtu. Kwa Villanova na Seton Hall lisingebadilisha kitu. Ukianza upya, walipokutana ni 1-1, kwa hiyo unakwenda hatua ya pili, rekodi dhidi ya namba moja: Villanova 1-1 na Creighton, Seton Hall 0-2. Villanova anabaki juu kwa njia zote mbili.

Na mzunguko wako wa A, B na C, kila mmoja ana 1-1, basi msimamo mdogo hausemi kitu. Unashuka kwenye rekodi zao dhidi ya timu zilizo juu ya msimamo. Katika hali hiyo, mechi ya Januari dhidi ya timu fulani ambayo kila mtu ameshaisahau ndiyo inayoamua.

Creighton walifaidije na namba moja yao? Walicheza dakika 20. Tarehe 12 Machi 2020, pale uwanja wa Madison Square Garden, New York, robo fainali yao na St. John's ilifika mapumziko, na mashindano yakafutwa kwa sababu ya korona.

Kwa nini wasitumie tofauti ya pointi, kama magoli kwenye mpira?

Mtu aliyeona Manchester City wakichukua ubingwa mwaka 2012 kwa tofauti ya magoli, wakiwa na pointi 89 sawa na United, lazima aulize hivi. Lakini Ligi Kuu ya Uingereza kila timu hukutana na kila timu mara mbili. SEC ya wanawake mwaka 2025 kila timu ilicheza mechi 16: wapinzani 14 mara moja, mmoja tu mara mbili. South Carolina na Texas ndio waliopangiwa kurudiana wao kwa wao. Mwingine kapangiwa kurudiana na timu dhaifu. Hizo pointi utazilinganishaje?

Halafu kuna jambo la adabu. Ukiweka tofauti ya pointi, kocha anayeongoza kwa 30 hatawapa watoto wa benchi nafasi; atawaacha nyota wake waendelee kuchinja.

Kikapu cha kimataifa, kwa kanuni za FIBA (shirikisho la kikapu duniani), hutumia tofauti ya pointi katika mechi za waliolingana wenyewe. Kwa kipimo hicho South Carolina walikuwa mbele kwa 13: walishinda kwa 17, wakapoteza kwa 4. Shilingi isingehitajika. Na walipokutana tena fainali ya SEC kule Greenville, South Carolina wakashinda 64-45.

Hasheem Thabeet aliwahi kukutwa na kanuni hizi?

Aliwahi Mtanzania wetu huyo, tena mwaka wake wa mwisho chuoni, UConn. Msimu wa 2008-09 UConn na Pittsburgh walilingana Big East kwa 15-3, nyuma ya Louisville. Pittsburgh walikuwa wamewafunga UConn mara zote mbili. Ile ya kwanza, Hartford, tarehe 16 Februari, wakati UConn wanaongoza orodha ya ubora wa timu nchini, ndiyo ile ambayo DeJuan Blair aliunasa mkono wa Thabeet katika kugombea mpira, akamgeuza mgongoni kwake na kumbwaga sakafuni kama mcheza judo. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Kwa kuwa Pittsburgh walishinda mara zote mbili, hakukuwa na haja ya shilingi: Pittsburgh namba mbili, UConn namba tatu.

Namba tatu ikawakutanisha na Syracuse, waliokuwa namba sita, kwenye robo fainali. Mechi ikaenda vipindi sita vya nyongeza. Ilikwisha saa saba na dakika 22 usiku wa New York, Syracuse 127, UConn 117. Dar es Salaam ilikuwa saa mbili asubuhi imepita, watu wako kazini. Pittsburgh nao, na namba mbili yao, walitolewa robo fainali hiyo hiyo na West Virginia.

Kamati inayopanga timu za mashindano ya taifa (wakati huo 65, zikigawanywa katika kanda nne) haifungwi na namba za konferensi. Louisville, Pittsburgh na UConn wote watatu walipewa namba moja za kanda zao, na Thabeet akafika nusu fainali ya taifa kule Detroit.

Na mchezaji bora wa Big East mwaka huo? Kura ziliwaweka sawa Blair na Thabeet. Hakuna aliyerusha shilingi. Tuzo walipewa wote wawili.