Kabla Hujajenga Vibanda Karibu na Msitu, Soma Yaliyonikuta

Wiki iliyopita nilitia saini mkataba wa mwaka mmoja na hoteli ya pwani ya mashariki ya Unguja. Kikundi chetu cha watu 14 kitawapelekea mapapai, pasheni, mchicha na mayai ya kuku wa kienyeji, mara tatu kwa wiki. Nilipotoka pale nilisimamisha pikipiki chini ya mwembe, nikalia. Sioni haya kulisema. Karatasi ile nimeihangaikia miaka sita.

Usiku uleule nikakuta ujumbe wa kijana wa Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa: "Kaka, nina eka mbili karibu na hifadhi. Nataka nikope nijenge vibanda vitano vya wageni. Nipe baraka zako." Nilimjibu kwa sentensi moja: usikope kwanza. Jibu refu ndilo hili, na naliweka hapa kwa sababu najua wengi mnaonisoma mna kiwanja mahali, na usiku mnakihesabia vyumba.

Mimi ni mtoto wa Kusini Unguja, kijiji kinachopakana na msitu wa Jozani. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mchoma chokaa. Asiyewahi kuona tanuri la chokaa nimweleze: magogo mabichi na makavu hupangwa duara kubwa, safu juu ya safu, kisha mawe ya matumbawe hurundikwa juu yake na moto ukatiwa katikati. Moto ukisha kufanya kazi yake na mawe kupoa, unayamwagia maji, yanapasuka kwa sauti kama ya mafuta kwenye karai, yanageuka unga mweupe. Tanuri moja lilikula kuni za wiki kadhaa za kukata. Nilikuwa nikibeba magogo yale kichwani nikitoka skuli, na ngozi ya utosi bado inakumbuka.

Chokaa ile ilinunuliwa na nani? Na wajenzi wa mahoteli ya pwani. Mahoteli yalikuwa yakiota kama uyoga miaka ya 1990, na kila ukuta mweupe ulitoka kwenye miti yetu. Mgeni alipanda ndege kuja kumwona kima punju, akalala kwenye chumba kilichomla kima punju nyumba yake. Nilikuwa mkubwa tayari nilipolitambua hilo, na mpaka leo nikipita mbele ya kuta zile moyo hunishuka.

Kima punju, kwa wasiomjua, ana mgongo mwekundu na nywele nyeupe zimemzunguka uso mweusi, na asili yake ni Unguja tu, duniani kote. Punju ni sumu. Wazee waliamini mti aliokula hufa, kwa hiyo hakuwa mnyama wa kupendwa. Nyumbani tulimfahamu kwa wizi wa mkaa. Anashuka polepole, anachukua kipande penye jiko la nje, anapanda nacho mtini kukitafuna, na mama anabaki na mwiko mkononi. Wataalamu walikuja kueleza kwamba majani ya mwembe na mkungu anayoyapenda yana kemikali zinazomvuruga tumbo, na mkaa unazituliza. Hesabu iliyotangazwa 2017 ilikuta wako zaidi ya 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa. Nilifurahi siku hiyo kama nimetangaziwa ndugu.

Mwaka 2004 msitu ukawa sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Sehemu ya viingilio hurudi vijijini, na barabara inayopita pale iliwekewa matuta kwa sababu magari yalikuwa yakiwagonga kima. Mimi nilikuwa papasi mjini kwa muda, yaani kijana wa mtaani anayewafuata watalii kuwauzia safari, nikajifunza Kiitaliano cha kuuza safari, kisha nikarudi kijijini kuwa mwongoza watalii. Hapo ndipo tamaa ilipoanza.

Nilikuwa naona magari yakimwaga watu kila siku. Nikajiambia: hawa wakilala kwangu hata wawili kwa siku, nimetoka. Nikauza minazi saba niliyorithi kwa mama, nikakopa na zaidi, nikajenga vibanda vitatu vya makuti na choo cha kisasa. Katika miezi kumi na moja nilipata usiku 19 uliolipiwa. Kumi na tisa! Nilikuwa nimeona watu wakiingia lakini sikuwa nimekaa kuwatazama wanavyotoka. Mgeni wa Jozani huzunguka msituni na kwenye daraja la mbao la mikokoni, saa moja au mbili, anapiga picha, anapanda gari lenye kipupwe na kwenda zake Paje au Kizimkazi. Kitanda chake alishakilipia akiwa kwao Ulaya. Kisha ikaja corona ya 2020, ndege zikasita, na vibanda vyangu wakaingia kuku.

Wale kuku ndio walionitoa.

Mayai yalipozidi niliyapeleka Paje kwenye mlango wa nyuma wa jiko la hoteli, wageni walipoanza kurudi. Nikiwa nasubiri nikaona makreti ya tungule, yaani nyanya, yamepangwa hadi kiunoni. Nikamuuliza mpishi, za wapi hizi? Akaniambia za bara, zimeshuka Malindi bandarini jana. Mapapai je? Bara. Pilipili hoho? Bara. Na kule kwetu, mwendo wa nusu saa kwa pikipiki, mapapai yalikuwa yakianguka yenyewe na kuliwa na ndege. Utalii ni zaidi ya robo ya pato la Zanzibar, linasemwa kila siku redioni, na pesa ile ilikuwa ikipita mbele ya vijiji vyetu kwa gari kama inavyopita mvua ya baharini.

Nisikudanganye kwamba kutoka hapo mambo yalininyookea. Kreti langu la kwanza la tungule lilirudishwa lote: kubwa na ndogo pamoja, nyingine zimepondeka chini. Mpishi alikuwa na haki. Hoteli ya pili haikuwa na haki. Ilichukua mboga zetu miezi mitano, na kila nikienda naambiwa "njoo wiki ijayo, mhasibu hayupo". Walikuwepo kina mama niliowaahidi kwa mdomo wangu mwenyewe. Mmoja alikuja nyumbani usiku kuniuliza ada ya mwanawe, akanikuta sina hata ya mafuta ya taa. Nililipwa nusu. Nusu nyingine naidai mpaka leo, na ndugu zangu wenye mahoteli, mkulima mdogo anayekukopesha mboga anakukopesha chakula cha watoto wake. Mlipe.

Basi, kijana wangu wa Mang'ula, na wewe mwingine mwenye kiwanja. Kaa kwanza. Usikope, kaa. Kaa langoni wiki nzima, kisha kaa mlango wa jikoni wiki nzima. Tazama pesa ya mgeni inatoka mfukoni wapi na inasimama wapi. Mimi nilikaa langoni miaka, jikoni sikuwahi, na ndiyo maana minazi ya mama imekwenda. Ukishajua jiko linanunua nini, uliza linataka ukubwa gani, siku gani, linalipa baada ya siku ngapi, na uliza hilo la malipo kabla hujapanda mbegu. Andikeni. Hata kama mpishi ni shemeji yako, andikeni.

Na usifanye peke yako. Ardhi yetu ni maweni, mawe matupu. Tunapanda papai kwenye mashimo ya mawe tuliyoyajaza samadi na majani makavu, na hakuna mtu mmoja awezaye kutoa mapapai ya kutosha hoteli nzima mwaka mzima. Watu 14 wanaweza. Kina mama wa pwani walitutangulia katika hili: mwani ulianza kulimwa kibiashara huku mashariki mwaka 1989, ukauzwa mkavu kwa bei ya kusikitisha, mpaka vikundi vikaanza kutengeneza sabuni na kumuuzia mgeni akiwa hapahapa ufukweni.

Nawaambia wenzangu wa hifadhi zote, mtu hulinda kinachomlisha. Katika wale 14 yumo mzee aliyekata kuni na baba yangu, wameshika msumeno mmoja huku na huku. Sikumhubiria msitu hata siku moja. Alianza na kuku kumi na wawili, sasa ana sitini, na mwezi uliopita aliwafukuza vijana waliokuja usiku kukata mikoko, akasema wanamharibia biashara. Semina za mazingira alizohudhuria zilikuwa nyingi, posho alichukua, na shoka hakuliacha. Viongozi wetu walisikie hilo. Mkiitangaza hifadhi, tangazeni na shamba la jirani yake, na mnapotoa kibali cha hoteli muulizeni mwekezaji atanunua kwa nani.

Wewe Mang'ula una bahati kuliko mimi. Hifadhi yako ni ya tangu 1992, una maporomoko ya Sanje, treni ya TAZARA inapita kwenu, na bonde la Kilombero lina mchele ambao sisi visiwani tunauulizia kwa jina. Wale wanaolaza wageni hapo kwenu tayari, nenda kesho uwaulize mchele, ndizi na kuku wananunua wapi. Niandikie majibu pamoja na bei, tuzipige hesabu pamoja. Ila usiniandikie Jumatano asubuhi, kwa sababu siku hiyo tunavuna kabla ya alfajiri: papai la hoteli hukatwa likiwa na mstari mmoja wa manjano, likipata wa pili limeshachelewa.